Gitaa Juu ya Darasa

Gitaa la Aida halikuwa na nyuzi. Lilikuwa la plastiki, la kuchezea gemu: vitufe vya rangi shingoni, na tumboni ulimi mpana unaopigwa juu na chini kwa kidole gumba, kufuata wimbo unaopita kwenye runinga. Alilinunua bovu kwa muuza mitumba karibu na Feri, akalifufua mwenyewe kwa bisibisi na ukaidi. Katika vitu vyote alivyokuwa navyo, hicho ndicho pekee alichoweza kusema amekitengeneza kwa mikono yake.

Muziki aliusikiliza kwa visikizi, asimsumbue mtu. Lakini ule ulimi haukujua kunyamaza. Kila pigo, tak! Na katika nyumba yao kongwe nyuma ya Ndia Kuu, sakafu ya boriti iliishusha kila tak hadi sebuleni, ambako Nyanya Ummukulthum aliwasomesha Qur'ani wanawake wa mtaa baada ya alasiri. Masikio ya Nyanya yalinasa hata herufi iliyotamkwa nusu. Tak ingepita wapi?

"Kesho darasani nikiskia tak moja ya gitaa," Nyanya alimwambia Aida, "gitaa nampa Faiz. Kwao hakuna darasa."

Faiz, binamu yake Aida, alikuwa ameketi pale pale akila kaimati. Hata kuificha furaha yake hakujaribu.

"Nyanya, nije na mfuko kabisa?"

"Njoo na adabu kwanza," Aida akamjibu.

Angeweza kulificha gitaa chini ya kitanda mpaka Nyanya asahau. Lakini gitaa la kufichwa lina faida gani? Asubuhi alilifungua juu ya sinia. Chini ya ulimi mlikuwa na swichi mbili ndogo, na ndani ya kila moja kibati kilichoruka kilipobanwa. Kelele ilitoka humo. Alizizungushia sponji, tak ikawa tuk. Akazitia kitambaa, tuk ikabaki tuk. Akasonya, akainua macho, akaiona rimoti ya runinga yao ya zamani iliyokufa. Akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, safari hii akitabasamu.

Ndani ya rimoti vitufe vilikuwa vya mpira, vyenye vitumbo vyeusi vinavyogusa ubao wa umeme bila kulia. Alikata kipande cha ubao chenye vitufe viwili, akaunga nyaya kwa chuma cha kulehemia, akakipachika chini ya ulimi mahali pa zile swichi. Kilichobaki ni kuondoa uchafu wa miaka ya vidole vilivyotoka kula viazi karai. Mafundi wa simu husafisha kwa spiriti, na nyumbani hamkuwa na spiriti. Lakini marashi je? Si huwa na spiriti? Akaenda kwenye meza ya Nyanya, akachovya pamba katika kichupa, akasugua kila kitu kwa bidii, akafunga, akapiga.

Kimya. Kimya hata kwa gemu yenyewe: wimbo ulipita kwenye runinga na hakuna pigo hata moja lililosajiliwa.

Faiz alikuwa ameshafika, mfuko mkononi. Akanusa.

"Wewe, umelitia nini?"

"Marashi ya Nyanya."

Faiz aliangua kicheko. "Nyanya huyu asiyeruhusu spiriti kupita mlangoni? Yale ni mafuta matupu ya sandali! Umelisinga kama bi harusi. Nipe, nikalizike."

"Utazikwa nalo."

Alilifungua upya, mafuta yaondoke umeme upite. Vitufe vya mpira aliviosha kwa sabuni na maji ya moto, ubao akausugua kwa raba ya kufutia penseli mpaka ukang'aa, kisha akavianika dirishani, yeye amesimama hapo hapo akivilinda na kunguru. Alasiri iliadhiniwa skrubu zikiwa bado sakafuni. Aliswali, akazikaza, na chini sauti za wanawake zilipoanza kupanda kwa pamoja, akachagua wimbo mgumu kuliko zote. Kama ni kushindwa, ashindwe akipiga.

Safari hii kila pigo lilisajiliwa. Alicheza mpaka mwisho, akaurudia.

Darasa lilipokwisha, Nyanya alipanda ngazi, Faiz nyuma yake.

"Aida, huyo punda aliyekuwa akipiga kwato juu ya kichwa changu ni nani?"

Aida alivua visikizi. Akautazama mguu wake wa kulia, ambao bado ulikuwa ukigonga sakafu. "Ni… mguu, Nyanya. Wafuata mdundo."

"Kelele ni kelele!" Faiz akaufungua mfuko. "Nyanya, ulitoa ahadi."

Nyanya alilichukua gitaa, akaliweka sikioni, akaupiga ule ulimi juu na chini, juu na chini. Akafumba macho kama anavyofanya anapomsikiliza mwanafunzi.

"Nilisema tak ya gitaa," alisema hatimaye. "Mguu sikuutaja, na neno langu siliongezi." Akalinusa, akakunja uso. "Ile sandali utanilipia kwa kuniosha vyombo. Na mguu huo, ukalie."

Akamrudishia gitaa. Faiz akaanza kuukunja mfuko wake polepole, kama anayetarajia rufaa.

Aida aliketi kwenye mkeka, akaukunja mguu chini yake, akaukalia kwa uzito wake wote. Kisha akauanza wimbo upya.