Pazia la Tjitske

Katika mtaa wetu hapa Dokkum, mji mdogo wa Uholanzi, pazia halifungwi. Kazi yake ni kuning'inia pembeni ya dirisha, basi. Mpita njia akitaka kujua umekula nini, atazame. Huo ndio uungwana, na anayefunga pazia ana la kuficha. Nimeupinga ujinga huu tangu nikiwa na nywele. Nilipokuwa nachomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli, bwana mkubwa alikuwa na droo yenye kadi zetu: nani yumo katika chama cha wafanyakazi, nani ana mke mgonjwa na kwa hiyo hatathubutu kugoma. Droo yake ilikuwa na kufuli. Sisi tulioandikwa ndani yake ndio tulioambiwa tuache madirisha wazi. Kadi yangu ilinitangulia kila mlango niliobisha kutafuta kazi. Sijasahau. Nitazikwa sijasahau.

Mke wangu Tjitske husahau kila kitu isipokuwa vichwa vya watu. Anatengeneza wigi za wanawake walionyonyoka nywele kwa dawa za saratani. Kazi anaifanyia katika chumba cha mbele, meza ikiwa dirishani kwa ajili ya mwanga, unywele mmoja mmoja kwa sindano ya ndoano, na sijaona mwanamke aliyetoka pale ameinamisha uso. Simuni mwake mlikuwa na picha zao: kwanza wakiwa na nywele zao wenyewe, ili apate rangi na mkato, kisha wakiwa na upara. Wengine hata waume zao hawajawaona hivyo.

“Tjitske, geuza meza,” nilikuwa nikimwambia. “Unabonyeza namba ya siri mbele ya mtaa mzima.”

“Nikigeuza meza nitafanya kazi gizani. Mzee wangu, nani ataiba picha za vipara?”

“Atakayetaka kumtisha mwenye kipara.”

“Wewe ukipewa kikombe cha kahawa unatafuta njama chini yake.”

“Na nimewahi kuikuta!”

Mambo ya kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba na kwa hasira. Yale makampuni makubwa yanayojipendekeza kukutunzia picha zako sikuyaruhusu yavuke kizingiti changu. Nilinunua diski, nikaiweka kwenye kabati la jikoni nyuma ya makopo ya njegere, nikamwelekeza: kila Ijumaa chomeka waya, nakala itajiandika yenyewe. Alichomeka mpaka baridi ilipoisha. Kisha siku moja niliukuta ule waya bustanini, umefungia maharage yasianguke.

Ndiyo maana Famke hakuwamo kwenye diski. Famke ndiye muoka mikate wetu, duka lake liko kwenye kona, na alikuja kwa Tjitske majani yalipoanza kupukutika. Mama yake, Geeske, hupita dirishani petu kila asubuhi akisukuma kigari chake cha kutembelea, anatupungia mkono. Geeske alishamzika binti yake mkubwa kwa ugonjwa huohuo. “Nitamwambia mwenyewe, shangazi,” Famke alimwomba Tjitske. “Kwa mdomo wangu, siku nitakayoiweza. Asilisikie kwa mtu mwingine.” Tjitske aliapa.

Basi akaja kijana mmoja mgeni, akasimama nje ya dirisha akitazama wigi kwa muda mrefu. Tjitske alikuwa akifungua simu yake. Unajua alifanya nini? Alimpungia mkono! Kisha akaenda jikoni kuchemsha kahawa, na mlango wa mbele, kama kawaida yetu sisi watu waaminifu, haukuwa umefungwa. Aliporudi na kikombe, wigi zote zilikuwepo. Simu haikuwepo.

Nilikimbilia kompyuta. Simu ilikuwa tayari njiani kuelekea mji wa Leeuwarden, na ilikuwa imefunguliwa. Namba yule kijana aliisoma dirishani kama bango.

“Naweza kuifuta kutoka hapa,” nikasema. “Kila kitu. Nibonyeze?”

Nilidhani angelia, au angenilaani. Aliuliza tu: “Wale wa zamani wamo kwenye diski yako?”

“Wamo.”

“Famke hayumo.”

“Hayumo.”

“Nywele zake zimeshaanguka, Hessel. Tukifuta, sina pa kuiona rangi yake. Na wigi nimefika nusu.” Kisha akasema neno lililonifanya nimpende upya, mimi ambaye sikuwa nimeacha kumpenda. “Lakini picha ni zake, si zetu. Aulizwe.”

Famke alikuja na unga mikononi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Hakufikiri hata kidogo. “Futa, mjomba.”

“Na wigi?” nikamuuliza.

“Mtu akimtumia mama yangu picha ile, wigi nitamvalia nani? Futa.”

Nikafuta. Tjitske akawapigia simu wateja wote, akawaambia ukweli bila kujitetea. Mmoja alimtukana. Aliyapokea.

Siku ya pili Famke alirudi kupimwa upya. Akavua kofia, akatazama dirisha, mabega yakampanda. Tjitske akainuka, akashika pazia lililokuwa halijawahi kusogezwa, akalivuta. Vumbi lilitutosha. Nikapiga makofi.

“Miaka yote nimehubiri!”

“Piga kimya,” akasema mke wangu. “Rangi ilikuwaje, mwanangu? Kahawia?”

“Kahawia, nadhani. Kuna mahali ilibadilika. Shangazi, mtu hajioni kisogo.”

Kengele ikalia. Nikafungua mlango, nikamkuta jirani yetu Wobbe, ameshika kofia kifuani, macho chini. “Tjitske, pole sana,” akaanza. “Alikuwa mkaidi, lakini...” Akainua macho.

“Endelea, Wobbe. Nilikuwa mkaidi, lakini nini?”

“Hessel! Mbona pazia limefungwa?”

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu pazia hufungwa mchana kwa jambo moja tu: ndani kuna maiti. Mimi mwenye kumbukumbu ndefu nilikuwa nimelisahau hilo! Kabla sijajibu, kigari kilinigonga ugoko. Geeske alikuwa amebeba mkate wa sukari, machozi yanatiririka. “Masikini Hessel wetu,” akalia, akanipita bila kunitazama, akaingia chumbani kumfariji mjane.

Famke alikuwa ameketi chini ya taa, kichwa wazi.

Tulisikia kigari kikisimama.

“Mama, nilikuwa nataka...”

“Nyamaza.” Geeske alikaa polepole kwenye kiti cha kigari chake, mkate mapajani. Sasa akaniona. “Kumbe u hai.”

“Ni hai, mama.”

“Huyu mpiga kelele alijua,” akamwambia binti yake, “na mimi sikujua?”

“Sikutaka uumie tena.”

“Dada yako aliniambia siku ileile. Tukapata muda. Tulicheka, tukagombana, nilimpikia supu akaimwaga. Wewe ulitaka kuninyima muda huo?”

Famke alipiga magoti, akaweka kichwa chake penye mkate. Yule mama alikipapasa kichwa kizima, kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Baadaye akanyoosha kidole kwenye ile wigi ya nusu.

“Na hii ni ya nani? Nywele za mwanangu huyu hazikuwa hivi. Juu ya sikio la kushoto nywele zilikuwa nyekundu, na kisogoni zilizungukia upande mbaya. Nilipigana nazo kila asubuhi ya shule. Lete taa, Tjitske. Fumua hapa.”

Tjitske akafumua. Nikawakatia mkate wa mazishi yangu, tukaula wote, Wobbe naye.

Polisi wameandika, na mwizi hajapatikana. Waya umerudi jikoni, maharage yamepewa kamba. Simu mpya inalala kwenye droo, nayo ina kufuli. Ufunguo uko mfukoni mwa Tjitske. Meza imegeuzwa. Pazia hufungwa mteja akiwa ndani, lakini mke wangu ameweka sharti: pazia likifungwa, mimi nikae nje kwenye benchi, watu waone mimi si maiti.

Kwa hiyo nakaa nikinung'unika kwa sauti, kwenye upepo huu unaochuna masikio, nimefunga vifungo vyote vya koti. Geeske hupita na kigari chake, Famke kando yake amevaa wigi ambayo kisogo chake kinazungukia upande mbaya.

“Bado hujafa?” huniuliza.

“Bado.”

“Tunasikia. Mtaa mzima unasikia.”

Nami nawapungia mkono.