Maoni Niliyomsomea Mama

Nikirudi kazini miguu huwa si yangu. Nafua na kupiga pasi shuka za hospitali, zamu ya asubuhi, kwenye chumba chenye joto la kuivisha mkate, na nikifika nyumbani sitaki kuulizwa hata habari. Nataka maji, kiti na kimya. Lakini mama anakuwa ameshanisikia tangu getini.

"Ni wewe? Haya njoo, unisomee watu wamesema nini leo."

Watu hao ni watazamaji. Zamani, mimi na kaka yangu tukiwa wadogo, mjomba alitengeneza filamu humu humu ndani ya nyumba hii. Alikuwa mpiga picha wa harusi, kamera aliazima kwa bosi wake, na kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuwalipa waigizaji, alitutumia sisi. Mama akawa mama, kaka akawa mtoto. Mimi naonekana mara moja tu, mgongo, nikifagia. Hadithi yenyewe haina mbwembwe. Mtoto anavunja redio ya mama yake, mama anamfungia nje, mtoto anashinda akizunguka nyuma ya nyumba za watu na kuwatazama wakubwa wakifanya kazi zao. Jioni mlango unafunguliwa, anakula. Basi. Hakuna muziki, hakuna ngumi, hakuna wapendanao. Mjomba alifariki akiamini kwamba hakuna anayeikumbuka. Siku hizi inafundishwa vyuoni, wataalamu wanaisifu kwamba ilitengenezwa bila kampuni na bila mfadhili, na tangu ilipowekwa mtandaoni kila mwenye simu ana la kusema.

Mama haoni tena, kisukari kilichukua macho yake polepole hadi akabaki anatofautisha mchana na usiku tu. Kwa hiyo msomaji ni mimi. Na msije mkadhani anatafuta sifa. Anamtafuta kaka.

Siku ile ya kufungiwa nje, hakuna aliyemwambia kaka kwamba ni mchezo. Mjomba alitaka kilio cha kweli. Alimwambia mama, funga, na usifungue mpaka nikuambie. Kaka akalia mpaka sauti ikakauka, na hicho ndicho kipande ambacho dunia nzima inakipigia makofi. Alikua nacho mgongoni. Shuleni walimwimbia "fungua mlango", kazini walimwimbia, hata siku anaposa kuna mjinga mmoja alimwimbia. Mwisho akamwambia mama, mbele yangu, "Ulinitoa sadaka kwa mdogo wako ili mpate picha." Akabeba begi lake, akaenda nchi ya mbali, akabadilisha namba. Tangu hapo tunasikia tu kwa watu kwamba yu hai.

"Kunipigia hatanipigia," mama husema. "Ana kiburi cha baba yake. Lakini ile filamu ni lazima aiangalie, na akiiangalia ataandika. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu, kama moyo wake umetulia juu yangu au bado. Nikishajua, hata nikifa si neno."

Basi mimi, na uchovu wangu wote, ndiye niliyekabidhiwa kazi hiyo ya kumtafuta kaka kati ya maelfu ya watu wasio na kazi.

Wengi wao ni wa kuchekesha, nisiwaonee. Mmoja aliandika, "Nimesubiri kitu kitokee mpaka filamu ikaisha." Mwingine aliuliza kama kuna anayejua pa kupata redio ya aina ile. Mwanafunzi mmoja aliandika aya ndefu kuhusu maana ya mlango, na chini yake mtu akamjibu, "Ndugu yangu, mlango ni mlango." Hao niliwasoma kama walivyo, na mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Shida ilikuwa hao wengine. "Huyu mama ana roho mbaya." "Mama wa hivi apelekwe polisi." "Sura yenyewe tu inaonyesha." Ningemsomeaje mwanamke aliyenizaa maneno kama hayo, naye amekaa kwenye kiti chake amekunja mikono, ameniinulia uso kama mtoto anayesubiri pipi? Nikaanza kuyachuja. "Huyu mama ana roho mbaya" nikaisoma "Huyu mama ameigiza vizuri mno." Aliyetaka apelekwe polisi nikamgeuza akataka apewe tuzo. Mwanzoni nilibadilisha neno moja moja. Baadaye, siku nikiwa hoi, nilikuwa naiweka simu pajani, nafumba macho na kutunga tu. Ni rahisi kuliko kusoma. Nilikuwa natunga huku nasinzia.

Siku moja akanikatiza katikati.

"Hivi wewe, mbona watazamaji wote wanaongea kama wewe?"

"Kivipi mama?"

"Wote wanasema 'mno'. Huko duniani kote hakuna anayesema 'sana'?"

Uso ukanipata moto, na ashukuriwe Mungu hakuuona.

"Wananitukana, eh?"

"Baadhi."

"Na wewe unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa." Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika, kwa sababu alionekana mtu aliyechoka kuliko mimi. "Sasa nisikilize mwanangu. Kama unawapindisha wote, nitamjuaje wangu? Huenda ameshapita hapa, akasema lake, ukanigeuzia ukaniambia nimeigiza vizuri mno. Umewahi kufikiria hilo?"

Sikuwahi. Naapa sikuwahi. Usiku huo nilirudi nyuma nikayapitia maoni ya zamani hadi macho yakauma, na sikumwona kaka. Kesho yake nikampa mama ahadi kwamba nitamsomea kila kitu kama kilivyo, kiwe kitamu kiwe kichungu.

Akayapokea matusi vizuri kuliko nilivyotegemea. Aliyesema ana roho mbaya alimjibu palepale, "Njoo uishi na mwanangu wiki moja na wewe tukuone." Aliyemsema sura akasema hata mama yake mzazi alimwambia hivyo hivyo. Nikaanza kupumua. Nikasema kumbe nilijitesa bure.

Halafu likaja la yule mwanamke. Sijui ni nani, alijiandika Mama Watatu. Aliandika bila tusi hata moja, na hilo ndilo lililoumiza. "Nimelea watoto watatu. Mtoto analia hivi, mama yuko upande wa pili wa mlango, na hafungui. Sijali ni filamu. Mwanamke huyu aliondoka akaenda kuendelea na shughuli zake, na mtoto alijua. Ukiangalia macho yake utaona alijua." Chini yake watu walikuwa wamejaa wakikubaliana naye.

Mama aliupapasa mkono wa kiti kama anayetafuta kitu kilichodondoka.

"Sikuondoka," akasema mwishowe.

"Najua mama."

"Hujui. Sijawahi kumwambia mtu. Mjomba wako aliniambia nikishafunga niende jikoni, nisije nikalegea. Sikwenda. Nilisimama palepale nimeshika komeo, nikawa namsikia, na sikulifungua. Kosa langu ni hilo, sikufungua. Lakini kuondoka sikuondoka." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Inatosha kwa leo."

Hakula vizuri jioni ile. Nilijilaumu, nikamlaumu na Mama Watatu, na mjomba huko aliko, na yeyote aliyevumbua mtandao.

Kesho yake, wakati wa kupumzika kazini, nilikaa juu ya furushi la shuka chafu nikafungua simu. Ugomvi chini ya maneno ya Mama Watatu ulikuwa umekua. Na katikati ya ugomvi kulikuwa na mtu asiye na picha, amejiandika herufi moja tu, amemjibu hivi:

"Dada, unakosea. Mimi ndiye niliyekuwa nje. Mlango ule chini ulikuwa na uwazi. Nilipochoka kulia nililala kifudifudi nikachungulia, nikaona miguu yake. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimefungwa kitambaa. Miguu ile haikusogea hata kidogo mpaka mlango ulipofunguliwa. Nilikasirika miaka mingi, na nilikuwa na haki ya kukasirika. Lakini asiseme mtu kwamba aliondoka. Nilijua yupo."

Nilisoma mara ngapi sikumbuki. Msimamizi wetu alipita akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia hajafariki mtu, leo mtu amerudi. Palepale nikaandika chini yake, "Kaka, ni wewe? Mama yuko hapa, anakusubiri. Piga namba ile ile." Kisha nikaomba ruhusa, nikaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile nilifika nyumbani nikiwa na nguvu.

"Mama! Ameandika!"

Alisimama kwa kushtuka, nikamkalisha, nikapiga magoti mbele yake nikamsomea neno kwa neno. Nilipomaliza nikainua uso kumwangalia, nikategemea machozi, nikategemea vigelegele.

Alikuwa anatabasamu, na lilikuwa tabasamu la kumhurumia mtu. Akanitafuta kichwa kwa mkono, akanipapasa.

"Asante mwanangu," akasema. "Uliona jana nimeumia."

"Mama, sijatunga! Wallahi sijatunga!"

"Usiape, usijitafutie dhambi bure. Jana nimekuambia nilisimama mlangoni. Leo amekuja mtu ameona miguu yangu mlangoni."

"Na kitambaa je? Kitambaa ningekijuaje mimi?"

"Si wewe uliyekifunga? Nilijikwaa kwenye ngazi, ukakata ule mfuko wa mto ukanifunga. Ulijisikia daktari siku nzima."

Nilikuwa nimesahau kabisa. Hata sasa nikijilazimisha, sikikumbuki kitambaa hicho wala damu. Lakini nilikuwepo, na hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu hakuna jambo la nyumba hii ambalo kaka angeweza kulisema na mimi nikawa sikulijua. Kila ushahidi niliomletea ulikuwa umetoka kwenye nyumba ile ile na ungeweza kutoka mdomoni mwangu.

Nikatoka mbio nikamwita jirani yetu fundi viatu, nikampa simu asome. Akasoma kwa kujikwaa, mtu wa watu, jasho linamtoka. Mama alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Asante baba," akamwambia. "Naona na wewe amekupanga. Ana moyo mzuri huyu binti yangu, msimseme vibaya."

Fundi viatu akaniangalia, nikamwangalia, akarudisha simu akaenda zake. Simu nikaishika mkononi jioni nzima ikiwa imefunguliwa pale pale. Kaka hakujibu. Hajajibu mpaka leo. Ndivyo alivyo, akishasema lake amemaliza, na sina shaka hata kidogo kwamba huko aliko anajua ujumbe umefika.

Nilijiegemeza ukutani, uchovu wote nilioukimbia mchana ukanirudia mara moja, magoti, mgongo, mpaka kope. Nikalia. Nililia kwa hasira, kwa sauti, kama mtu mzima asivyopaswa kulia. Nikamwambia mama kwamba kaka amemsamehe, ndicho kitu pekee alichokitaka, kimeandikwa, kipo, nimekishika mkononi mwangu, atakufa bila kukijua kwa sababu yangu. Yeye akawa ananibembeleza. Alidhani nalia kwa kuwa nimekamatwa tena.

"Basi, mama yangu, basi," akawa anasema. "Umechoka. Unafanya kazi nyingi, halafu unakuja kunitungia na mimi. Nani amekuambia mimi siwezi kukaa bila kujua? Nimezoea."

Akanyoosha mkono akaipapasa simu mpaka akaipata, akaizima mwenyewe kwa kuibonyeza huku na huku, akaniwekea pajani.

"Kesho nisomee wale wanaonitukana," akasema. "Hao angalau najua si wewe."