Mtoto Aliyekingama

Tulishuka kutoka Mgeta alfajiri na gari la kabichi hadi hospitali ya mjini, mimi na mama yangu Rosa, kwa sababu ya matone mawili ya damu yaliyonitoka. Mama aliona safari yenyewe ni upuuzi. Yeye ni mkunga wa milimani, amezalisha nusu ya kijiji, na tumbo langu la miezi saba na nusu alikuwa akilikanda kila jioni kwa mafuta ya nazi, maana mtoto alikuwa amekingama, kalala upande. Anamgeuza leo, kesho yuko palepale.

"Mbishi kama babake," alisema.

Kwenye foleni ya ultrasaundi tulikaa mpaka nikaishiwa hata hasira, na mimi hasira huwa sikosi.

Daktari Sabra alipitisha kifaa chake tumboni, akarudia.

"Mtoto mzima," alisema. "Tatizo ni kondo la nyuma. Limejishika chini, limeziba mlango wa kutokea. Ndiyo maana mtoto amekingama, kichwa kimekosa pa kukaa. Jesca, utazaa kwa upasuaji, na hadi siku hiyo utakaa hapa mjini. Damu ikifunguka ukiwa kule juu, hutafika." Akanitazama. "Kuna mtu anakukanda tumbo?"

Mara ngapi nilimwambia Mama panauma, akaniita mdekaji? Nilitamani kuyamwaga yote pale pale, lakini nilikuwa nimechoka.

"Ni mimi, mwanangu," Mama alimwambia daktari.

"Usiliguse tena, mama. Kondo likibanduka tunawapoteza wote wawili."

Tulikwenda mtaa wa Mafiga, kwa mama mdogo, ambako ningekaa. Tulipofika mlangoni Mama akasimama.

"Mimi namsukuma," alisema, "kumbe mtoto ananiambia hapana njia."

Nilimwonea huruma, na bado nilimkasirikia.

Nilijinyoosha kitandani. Mama akafungua kikapu, akatoa chupa ya mafuta. Kabla sijawaza lolote nilikuwa nimeziba tumbo kwa mikono yote miwili, na Mama aliona. Akakaa chini, mwisho wa kitanda.

"Lete miguu," alisema. "Imevimba."

Akaanza kuikanda, polepole, kama mtu aliyeanza kazi juzi. Mimi ilinichukua muda kuiondoa mikono tumboni.