Wanachama Wote

Shimo la Muthoki lilikuwa limemfika kifuani. Alisimama ndani yake, miguu ikiwa katika mchanga baridi, akachota kwa kikombe cha plastiki maji yaliyokuwa yakichuruzika chini polepole, akangoja, akachota tena. Ilikuwa Oktoba, mvua bado ni habari ya redioni tu, na mtungi wa lita ishirini ulimchukua karibu saa nzima kuujaza. Lakini maji yalikuwa safi. Ng'ambo ya kilima, kwenye mto uliozolewa mchanga miaka mitatu iliyopita, wanawake waliondoka nyumbani alfajiri wakarudi saa nane na maji ya rangi ya chai.

Mchanga wa Mto Kavuti haukujileta wenyewe. Wanawake ishirini na saba wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, walibeba mawe vichwani misimu mitatu wakajenga ukuta katikati ya mto. Mafuriko yalipopita yaliacha mchanga nyuma ya ukuta, na mchanga ukashika maji. Waume zao hawakuonekana pale, isipokuwa siku ya kupigwa picha. Muthoki ndiye aliyeongoza nyimbo. Katika mwethya, mwimbishaji ndiye mwendo wa kazi: akiharakisha, majembe yanaharakisha, akimtaja mvivu kwa jina, mvivu anapata nguvu za ghafla.

Nyamai alimkuta humo shimoni. Alikuwa dalali wa mchanga kutoka Makindu, mwenye miaka arobaini na kidogo, shati limepigwa pasi hata siku ya kazi. Tangu ajiunge na kwaya ya kanisa lao miezi miwili iliyopita, wanawake waliozoea kuja ibadani na ndara walianza kuja na viatu. Alijua majina ya watoto wa kila mtu na aliuliza hali ya kila goti linalouma. Muthoki mwenyewe, Jumapili iliyopita, alikuwa amejipaka mafuta usoni mara mbili, na alijua kwa nini. Mjane wa miaka minane si jiwe.

"Mama Mwau, hebu lete hiyo mtungi. Sasa lete mkono."

Alimvuta juu. Hakumwachia mkono upesi. Wala Muthoki hakuuondoa upesi, na jambo hilo lilikuja kumuudhi baadaye kuliko mengine yote.

"Kesho kwa mkutano mimi nitakuwa naangalia wewe," Nyamai alisema. "Hawa wamama wengine wanafuata tu. Wewe ukiinua mkono, wote wanainua."

"Na maji?"

"Maji ni ya Mungu, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Mchanga tutachukua kidogo, mvua italeta ingine."

"Kule ng'ambo ilileta?"

Nyamai alicheka kwa uzuri. "Wewe na maswali! Ndio maana nakupenda." Akaubeba mtungi mwenyewe hadi alipofungwa punda, na mgongo wake ukalowa maji, na hakujali.

Njia nzima moyo wa Muthoki ulienda wanakokwenda mioyo ya wasichana. Aliukemea. Alipofika nyumbani alimimina maji kwenye sufuria, akayatazama, akaweza kusoma hata chapa ya kiwanda iliyogongwa chini ya sufuria. Hapo akakata shauri.

Mkutano ulifanyika uwanjani mwa kanisa saa tisa alasiri. Leso mpya zilikuwa zimegawiwa, za buluu, zenye jina la kikundi, na wanawake wote walikuwa wamejifunga sare. Mbele aliketi Musembi, naibu wa chifu, na fomu yake mezani. Kando yake Nyamai. Upande wa pili alikaa Kalunde, mwenyekiti wa kikundi na wifi yake Muthoki, dada wa marehemu mumewe, ambaye walikuwa wamekula naye sahani moja tangu ujana.

Musembi alieleza. Lori zingeingia mtoni. Vijana wangepata kazi ya kupakia. Kanisa lingeezekwa mabati. Kwa kuwa ukuta ulikuwa umeandikishwa kwa jina la kikundi, fomu ilidai kitu kimoja tu, kwamba wanachama wote wakubali. Alilitamka lile neno *wote* mara mbili, akamtazama Nyamai.

"Wenye wanakubali, wainue mkono."

Mstari wa mbele uliinua mara moja. Nyamai ndiye aliyewapanga pale. Wa pili ukaona wa mbele. Mbithi, mwanamke mdogo kwa umri kuliko wote, ambaye wiki ile ile alimwambia Muthoki shimoni kwamba mto ukienda atarudi kwao, aliuinua wake nusu, kisha akaona wa jirani uko juu, naye akaumalizia. Mikono ikawa mingi. Joto lile la kuwa pamoja lilipanda uwanjani, Muthoki akalihisi mwilini mwake. Yeye aliyewahi kuwachochea wote kwa sauti yake alijua vizuri lilivyo tamu. Nyamai alikuwa akimtazama yeye peke yake. Alitabasamu kidogo, kama walipokuwa wawili tu mtoni.

Kiganja cha Muthoki kilimwasha. Akakikalia.

"Mama Mwau," Musembi alisema. "Mkono."

"Mkono wangu uko hapa. Nimeukalia."

Wengine walicheka.

"Muthoki, usituaibishe mbele ya wageni," Kalunde alisema kwa sauti ya chini. "Sisi ni kitu kimoja."

"Kwa kubeba mawe tulikuwa kitu kimoja. Mimi nilikuwa hapo. Huyu alikuwa wapi?" Akamwonyesha Nyamai kwa kidevu. "Andikeni ishirini na sita. Siwakatazi nyinyi. Lakini msiandike wote."

Nyamai hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha. Aliinama akamnong'oneza Musembi, na Musembi akaigeuza fomu, akaisoma tena kwa kidole, uso ukamchangamka.

"Madam chair," alimwuliza Kalunde, "sheria ya mwethya inasemaje juu ya mtu anakataa kazi ya kikundi?"

Kila mtu pale aliijua sheria hiyo. Muthoki ndiye aliyekuwa akiiimba.

"Anatolewa," Kalunde alisema.

"Kwa kura?"

"Kwa kura."

"Basi wenye wanasema huyu mama atoke, wainue mkono."

Kutolewa mwethya si kama kufukuzwa chama cha kuweka akiba. Ni kwamba matuta ya shamba lako yakibomoka, yamebomoka. Ukilazwa, hakuna wa kukuletea uji. Ukifa, kuni za matanga yako na maji ya kupikia waombolezaji atayabeba nani? Wanawake waliyajua hayo yote, na kwa sababu waliyajua, kila mmoja aliogopa kuwa wa pili kutolewa. Mikono ilipanda haraka kuliko mara ya kwanza. Mkono wa Kalunde ulikuwa wa mwisho, lakini ulipanda.

"Sasa wale wamebaki ndio wanachama," Musembi alisema akiandika. "Na wanachama wote wamekubali. Mungu ni mwema."

"Musembi!" Muthoki alisimama. "Nimekupigia kura mwaka gani uniondoe kwa mto wangu kwa kalamu? Hiyo karatasi ni ya uongo, na wewe unajua, na hawa wote wanajua!"

"Mama, wewe sasa ni mgeni hapa. Wageni hawaongei kwa mkutano."

Muthoki alifungua fundo la leso yake ya buluu, akaikunja vizuri pembe kwa pembe, akaiweka mezani juu ya fomu. Akatoka. Hakuna aliyemfuata, wala hakuna aliyemtazama usoni.

Alhamisi mwethya iliitwa mtoni kukata ukingo ili lori ziteremke. Walipofika na majembe walimkuta Muthoki amesimama pale pale palipotiwa alama za vigingi, kwa miguu miwili, amevaa gauni lake la kazi. Juu barabarani lori tano zilikuwa zimeshapanga foleni.

"Mwaitu, toka tu," Nyamai alimwambia kwa upole, akamshika kiwiko. "Utaumia bure. Mimi sitaki uumie."

"Mkono wako nimeujua," Muthoki alisema. "Niachie."

Akamwachia. Wanawake walijipanga mstari, lakini majembe hayakuanza. Hakukuwa na wa kuimbisha. Walisimama hivyo, wakakohoa, wakafunga upya vitambaa vyao vya kichwa. Ndipo Nyamai alipokunja mikono ya shati akaanza mwenyewe, kwa ile sauti ya kwaya, wimbo wa kubeba mawe. Sauti moja iliitikia, kisha tatu, kisha wote. Majembe yakashuka pamoja. Muthoki aliwasikia wakiitikia vizuri, vizuri kabisa, akataka kulia kwa hasira, na hakulia.

Walichimba kulia kwake. Walichimba kushoto. Hakuna aliyemgusa. Kufikia saa sita, njia ya lori ilikuwa imeteremka hadi mchangani, na katikati yake kulikuwa kumebaki kichuguu cha udongo, upana wa hatua mbili, na Muthoki juu yake. Wimbo ulikwisha. Mavumbi yakatulia.

"Mbithi," Kalunde alisema bila kuinua macho. "Wewe uko karibu. Maliza hapo."

Mbithi aliinua jembe. Lilifika begani likasimama.

Muthoki alivua ndara zake, akazirusha kando zisikatwe, akakanyaga udongo kwa nyayo tupu.

"Chimba, mwanangu," alisema. "Lakini chimba ukiniangalia."

Mbithi hakumwangalia. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, aone wenzake wanafanya nini. Wenzake, wote ishirini na watano, walikuwa wakimwangalia yeye. Juu barabarani lori la kwanza likapiga honi, na la pili likaitikia.