Udongo wa kwa Mama Mkwe

Njagi hakuumbiwa kungoja. Alipong'oa mche mmoja wa maharagwe na kukuta mizizi imejaa vinundu, alijua ni ugonjwa. Mwaka jana vinundu kama hivyo vilimmalizia nyanya zote, na hakuwa tayari kuonewa mara ya pili. Alivua shati, akang'oa mstari baada ya mstari.

Shamba lake la Manyatta lilikuwa limechoka kwa kupandwa mahindi tu na kuchomwa mabua. Njagi alitaka kuweka muguka, majani ya kutafuna yenye soko la haraka. Mkewe, Wawira, alimsihi ampe msimu mmoja wa maharagwe, kisha akaenda kwao, akarudi na gunia la udongo wa shamba la mama yake na kuuchanganya na mbegu. Njagi alicheka hadi machozi yakamtoka. Nani hubeba udongo kupeleka shambani? Walikubaliana kwamba maharagwe yakikataa, muguka unapandwa.

Wawira alirudi kutoka sokoni akakuta robo ya shamba imelala chini, maua na yote.

"Baba Mwende! Umefanya nini?"

"Nimeokoa zile zingine. Ona hii ugonjwa, ni ile ya nyanya."

Wawira aliokota mche, akapitisha kidole kwenye mizizi. Vinundu vikadondoka. Alipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi.

"Za nyanya zilikuwa zinatoka hivi?"

Njagi aliuchukua mche akautazama. Vinundu vya nyanya havikutoka. Mzizi wenyewe ndio ulivimba.

"Humu ndani kuna vijidudu," Wawira alisema. "Vinashika hewa, vinayapatia maharagwe kama mbolea, nayo yanavilisha sukari. Vijidudu hivyo ndivyo nilibeba kwenye udongo wa mama. Na wewe unang'oa!" Akalia kwa hasira.

Njagi hakujua kuomba msamaha kwa maneno. Alichukua jembe, akaifukia ile miche yote kando ya sukuma wiki iliyokuwa imegeuka manjano, akifanya kazi hadi jua likazama.

Maharagwe yaliyobaki yalibeba maganda hadi yakainama. Sukuma wiki nayo ikawa kijani kibichi, majirani wakauliza imewekwa mbolea gani. Njagi alikuwa anabadilisha mazungumzo.

Muguka haukutajwa tena. Lakini shamba lao lingine la chini nalo lilihitaji udongo ule, na Wawira alikataa katakata kwenda.

"Aliyeng'oa aende."

Huo ulikuwa mtihani. Njagi alimheshimu mama mkwe kama alivyolelewa: kumpisha njia, kutomtazama usoni, kutomwomba kitu. Siku hiyo alisimama getini akiangalia viatu vyake, gunia tupu mkononi.

"Mama, nimekuja... nimekuja kuomba udongo."

Mama mkwe, Cicily, alilitazama lile gunia. Kisha akaenda kwenye maharagwe yake, akang'oa mche mmoja, akamwekea kiganjani mizizi yenye vinundu.

"Ni hizi unaogopa, mwanangu?"

Njagi aliangua kicheko, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.