Malimau ya Gakindu

Wangechi alifika kwa dada yake Watiri, kule Gatitu, Jumamosi kabla ya saa sita, gunia la malimau mgongoni. Alilitua kwenye sakafu ya jikoni, akanyoosha kiuno, na kabla hata ya kusalimia akasema, "Dedan amekata ule mti."

Watiri alikuwa kwenye cherehani, akishona sketi za shule. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akauliza, "Lini?"

"Alhamisi. Ati anataka kujenga nyumba za kupangisha hapo. Nimepitia huko asubuhi nikapata matawi yamelala chini, matunda bado iko juu yake. Nikaokota yenye ningeweza kubeba."

Dedan ni kaka yao, kitindamimba, na ndiye aliyebaki kwenye shamba la nyumbani kule Gakindu. Mlimau huo mama yao aliupanda mwaka alioolewa, chini kidogo ya kahawa, na wote watatu walikua wakicheza kivulini mwake. Watiri alitazama yale malimau kwenye gunia, makubwa, yenye ngozi nene ya manundu, si kama yale laini ya sokoni. Alijua habari kama hii ingemuumiza sana zamani. Akangoja kidogo aone kama kuna kitu kitakuja. Hakikuja. Akainuka kutafuta beseni.

"Maitu yuko wapi?" Wangechi aliuliza.

"Nje, anaota jua."

Mama yao, Murugi, alikuwa na miaka themanini na moja. Akili ilianza kumtoka pole pole baada ya mumewe kufariki, na mwaka wa nne sasa alikuwa anaishi na Watiri. Alimwita Watiri "nesi". Mwanzoni Watiri alikuwa akimsahihisha, siku hizi aliitika tu.

Wangechi, aliyeolewa Kangema, alikuja mara mbili tatu kwa mwaka. Leo alikuja na mpango.

"Tumtengenezee ile juisi yake," alisema, akikunja mikono ya sweta. "Ile alikuwa anatengenezea wachumaji wa kahawa. Si unakumbuka ile ndoo ya buluu? Akionja hii malimau atakumbuka. Nilisikia kwa redio, daktari akisema ulimi haisahau."

"Sawa," Watiri alisema.

Walimwaga malimau kwenye beseni wakayaosha, kisha wakamimina maji ya moto juu yake yalainike. Wangechi aliyabingirisha mezani moja moja kwa kiganja, akiegemea kwa nguvu, mpaka yakabonyea. Alitaka kukata na kukamua mara moja, lakini Watiri alimshika mkono.

"Alikuwa anaanza na ganda. Leta sukari."

Alichukua limau, akalisugua kwenye sahani ya sukari, akiligeuza geuza, mpaka sukari ikalowa na kuwa ya manjano. Harufu ikajaa jikoni. Wangechi alifumba macho.

"Ngai, ni kama niko nyumbani," alisema.

Watiri alichukua lingine. Kidole chake kilikuwa na tundu la sindano, na maji ya limau yakaingia. Aliona kidole kikiruka chenyewe. Maumivu yalikuwepo, ila mbali, kama ya mtu wa jirani.

Waliiyeyusha ile sukari kwenye sufuria na tangawizi iliyopondwa, wakaiepua ipoe. Malimau wakayakamua juu ya chujio ili mbegu zisipite, bila kuyaminya sana, maana ile nyama nyeupe ya ndani huleta uchungu. Mwishowe wakachanganya kwenye jagi na maji baridi. Wangechi alionja, akaongeza maji, akaonja tena.

"Ni yenyewe," alisema.

Nje, Murugi alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kitambaa kichwani, miguu juani. Wangechi alipiga magoti mbele yake na kumshikisha kikombe kwa mikono yote miwili.

"Maitu, hii ni malimau ya Gakindu. Ya ule mti wako."

Mama alikunywa. Akameza, akatulia, akanywa tena mpaka nusu.

"Ni tamu," mama alisema. "Mungu akubariki. Wewe ni msichana wa nani?"

"Ni mimi, maitu. Wangechi."

"Wangechi wangu yuko shule," mama alisema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni. "Atatoka saa kumi." Akamrudishia kikombe. "Ongeza sukari."

Wangechi alikwenda nyuma ya tangi la maji akalia. Watiri aliongeza sukari, akamnywesha mama iliyobaki, akampangusa kidevu, kisha akamfuata dada yake.

"Ulijua haitafanya kitu," Wangechi alisema.

"Sikujua. Niliacha kungoja, hiyo tu."

"Kwani wewe hulii?"

"Nililia mwaka wa kwanza." Watiri aliegemea tangi. "Siku hizi niko tu. Asubuhi namwogesha, jioni namlaza. Umeniambia mti umekatwa na sijasikia kitu, Wangechi. Ni kama vile unadungwa sindano ya jino. Unajua kuna mkono ndani ya mdomo yako, na husikii."

Wangechi alimtazama muda mrefu, kana kwamba mgonjwa aliyekuja kumwona hakuwa yule kwenye kiti.

"Nitaenda na maitu," alisema. "Mpaka mwisho wa mwezi. Halafu tutaangalia vile tutapokezana."

Watiri aliingia ndani akaanza kuandika kwenye kipande cha karatasi: dawa saa ngapi, hapendi nguo ya zipu, usimzimie taa mpaka alale.

Jumanne Ken, mume wa Wangechi, alikuja na gari. Mama aliingia bila kuuliza chochote. Watiri alifunga mlango wa mbele, akalala, akaamka kesho yake saa nne, wenye sketi wakigonga. Malimau yaliyobaki aliyakamua yakatoa chupa tano za juisi, akampa jirani yake Phyllis, kwa vile alikuwa na wageni wa kanisa.

Ijumaa Wangechi alipiga simu. Mama alikuwa ametoroka mpaka katikati ya majani chai, wakamkuta akiongea na wachumaji.

"Funga geti na kufuli," Watiri alisema.

"Nimefunga. Na wewe, unasikia aje?"

Watiri alifikiri. "Bado," alisema. "Lakini nimelala."

"Basi lala tena."

Aliweka simu chini, akavuta sketi iliyofuata, akaangalia kama mshono umenyooka.