Sukari Iko Chini

Siku Taban alipoambiwa kwamba mkewe ana ugonjwa wa sukari, alifurahi. Tusimlaumu. Kwa miezi mingi Sadiya alikuwa akikonda, anamaliza maji ya mtungi na bado koo limemkauka, na watu wa Koboko walishaanza kunong'ona habari za kurogwa. Sasa adui amepata jina, tena jina linalojulikana na kila mwenye duka. Taban alikuwa sajini aliyelinda bohari ya chakula jeshini, kabla vita vya sabini na tisa havijamfukuza mpaka Zaire. Aliona kazi hii imeletwa mlangoni kwake kabisa.

"Hii kazi yangu," alimwambia sista Eyotaru pale hospitali ya Kuluva. "Mimi nafukuza sukari yote kwa nyumba."

Sista alicheka, akaendelea kueleza. Vidonge asubuhi na jioni, pamoja na chakula. Chai kavu, yaani bila sukari. Ugali kiasi, na mboga kwa wingi: kunde, mbaazi, majani. Taban aliitikia kila neno kama anayepokea amri. Mara honi ya lori la kurudi Koboko ikalia barabarani, akachomoka mbio kwenda kushika nafasi. Hapo ndipo sista aliposema nusu ya pili: kwamba sukari ikishuka kupita kiasi nayo huua, na huua upesi, mgonjwa akianza kutetemeka na kutokwa jasho la baridi, apewe kitu kitamu papo hapo. Sadiya alisikia. Taban alikuwa juu ya lori, anagombana na mtu wa magunia ya mihogo.

Nyumba ile ilikoma. Jioni hiyohiyo kila punje ya sukari ilihamishiwa kwa jirani yao Margarita, na asali ikafuata. Viazi vitamu vilikamatwa mlangoni. Ndizi mbivu zilipigwa marufuku hata kwa wageni. Taban alinusa vikombe, akapekua jikoni, akafunua vyungu. Mahali pamoja tu hakupagusa, nalo ni sanduku la chuma chini ya kitanda, ambamo Sadiya alikuwa akimkusanyia binti yao Zaitun vitu vya harusi. Katika nyumba ile mwanamume hakufungua sanduku la mama wa bibi harusi, hata awe jenerali.

Na chai je? Chai ya nyumba za Waislamu wa Koboko, ya tangawizi na mdalasini, ilikuwa imezoea sukari ya kugandisha midomo. Taban aliinywa kavu pamoja na mkewe, kikombe kwa kikombe, akikunja uso na kusema ni tamu.

Na kweli, Sadiya akanawiri. Alipalilia karanga zake mwenyewe, akaenda sokoni na kurudi bila kuketi njiani. Zaitun alikuwa anaolewa Arua na kijana wa mzee Anguyo, na kitu kimoja tu mama yake alikitaka duniani: kuingia harusini kwa miguu yake miwili, akipiga vigelegele. Taban alimwahidi. Aliwaahidi hata majirani, na kila aliyeuliza na asiyeuliza alipewa habari za ushindi.

Kisha akaona sisimizi.

Walikuwa wamejipanga ukutani, wanaingia chini ya kitanda. Taban aliwatazama kwa muda mrefu. Sisimizi hawafuati chumvi. Aliumia moyo, maana alijua sasa kwamba mkewe anakula sukari kwa siri, na yeye anakunywa chai kavu bure. Lakini harusi ilikuwa karibu, hakutaka ugomvi. Akaona heri amwongezee dawa.

Alikwenda Lurujo kwa Lokule, mzee wa mizizi. Lokule alimpa mzizi mchungu wa kuchemsha, wa kushusha sukari, akamuuliza kama mgonjwa anameza dawa nyingine. Taban akajibu kwamba hiyo ni siri ya jeshi. Hasira zake za sisimizi ndizo zilizosema hivyo.

Asubuhi ya harusi ilifika na heka heka zake. Lori lilikuwa linangoja barabarani, Margarita ameshavaa gauni lake la gomesi la zambarau, na Zaitun alikuwa ametangulia Arua kwa shangazi yake. Taban alivaa koti lake la zamani la jeshi, vifungo vinang'aa. Alimpa mkewe vidonge, kisha kikombe cha mzizi, kisha akajaza tena.

"Baba Zaitun, mimi sijakula," Sadiya alisema.

"Utakula Arua. Leo kule iko vitamu vingi sana, mimi nataka wewe uende na nguvu ya dawa."

Sadiya akanywa, akaingia chumbani kujifunga leso. Taban alibaki uani akipiga viatu rangi, anaimba. Baada ya kitambo alisikia sauti ya mkewe, nzito, inatoka polepole.

"Baba Zaitun. Sukari iko chini."

Taban aliruka, kiatu kimoja mguuni. Sukari iko chini! Neno alilolingoja tangu Kuluva, tena siku ya harusi. Alitoka mbio hadi kwa Margarita, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, sukari yake iko chini. Yeye mwenyewe nasema. Mzizi ya Lokule nashinda."

"Mmempima wapi hapa, Sajini?" Margarita aliuliza. "Mashine ya kupima iko kwako?"

"Mutu najua mwili yake."

Margarita alijinasua mikono. Alimpita akaingia nyumbani kwa Sadiya, na Taban akamfuata bado akitabasamu. Tabasamu lile likafia mlangoni. Sadiya alikuwa ameanguka kwenye mkeka, leso imelowa jasho, mikono inatetemeka, na macho yanamtazama kama hamjui. Taban alipiga magoti. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa vitani.

"Sukari," Sadiya alisema. "Iko chini."

"Ndiyo, mama. Iko chini, tumeshinda. Sasa wewe naumwa nini?"

Sadiya alifumba macho, na katika udhaifu ule bado alipata nguvu ya kukasirika. Akanyoosha kidole. "Chini ya kitanda, wewe mwanaume. Ndani ya sanduku. Leta."

Taban aliganda. Kwa hiyo ni kweli. Sisimizi hawakusema uongo, na sasa mkewe anamwomba yeye mwenyewe amletee ile sumu. Sadiya alipumua kwa shida.

"Sista alisema. Ikishuka sana, nipewe. Wewe ulikuwa nje, kwa lori."

Hapakuwa na wa kumuuliza. Kuluva ilikuwa mbali. Kati ya amri aliyoisikia na neno la mkewe ambalo hakulisikia, Taban alikuwa na pumzi chache za kuchagua. Alilivuta sanduku, akalifungua, akatupa kando shuka na kanga za harusi. Chini kabisa palikuwa na kopo, na ndani ya kopo fundo la nailoni. Alitaka kuchota kwa kijiko, kijiko kikagonga. Sukari ile ilikuwa imeshikana ikawa jiwe. Ikabidi aivunje kwa mchi wa kinu, huku Margarita akileta maji.

Wakamnywesha kidogo kidogo. Jasho likakauka. Rangi ikarudi usoni, kisha macho yakamjua. Margarita akakimbilia kwake akaleta ugali na mbaazi, akasimama mlangoni mpaka vikaliwa. Dereva wa lori alipiga honi akachoka.

Taban alikuwa bado ameshika kile kipande cha sukari. Alikigeuza. Kila upande ambao mchi haukuugusa ulikuwa na alama ya nailoni, na fundo alilolifungua lilikuwa limeingiwa na kutu ya kopo. Mpaka leo sukari ile haikuwa imeguswa tangu ilipofungwa.

"Wewe hukuonja," alisema.

"Ile dawa," Sadiya alisema. "Dawa mutu naonja?"

Taban alitoka nje akamwaga mzizi wote, akakaa nyuma ya jiko mpaka macho yakawa makavu. Kisha akambeba mkewe hadi kwenye lori, ingawa alikataa, na kule Arua Sadiya aliingia harusini kwa miguu yake miwili kama alivyotaka. Vigelegele vyake vilisikika mpaka barabarani.

Chai ilipopitishwa, Sadiya aliomba ya kwake iwe kavu. Mzee Anguyo, baba wa bwana harusi, akamgeukia Taban kwa huruma, akimwita kama wakwe wanavyoitana.

"Bamwana, nasikia mama iko na sukari. Sasa ile sukari iko namna gani?"

"Iko juu," Taban alisema.

Wazee walishtuka, mmoja akaweka kikombe chini. Taban alikuwa amejishika kifua, pale mfuko wa koti la jeshi ulipofungwa kwa kifungo, na ndani yake jiwe la sukari. Sadiya alicheka mpaka machozi. Taban naye alicheka, lakini mkono hakuutoa pale mfukoni mpaka waliporudi Koboko.